Unyayo Uliopoteza Hisia na Mlinzi Wake



Watu husema kwamba panya huuma na kupuliza. Ati humng'ata mtu aliyelala, kisha hupapuliza pale alipong'ata ili mwenye mguu asigutuke. Aghalabu msemo huu hutumiwa kumsema mnafiki, na wengi huucheka. Lakini mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha katika jarida la kitaalamu taarifa juu ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa usingizini. Kwa wagonjwa wa namna hiyo panya hana haja ya kupuliza. Miguu yao imekwisha kupoteza hisia, na jeraha huonekana kwa macho kabla halijasikika mwilini.

Mazungumzo haya yanahusu mguu wa namna hiyo, pamoja na chombo kipya ambacho wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakikitengeneza ili kiwe mlinzi wake. Chombo chenyewe ni utando mwembamba unaokunjika kama kipande cha ngozi laini, wenye vihisi vidogo ndani yake. Huwekwa katika kiatu chini ya unyayo, au hufumwa ndani ya soksi, kikapima jinsi unyayo unavyokandamizwa kila mtu apigapo hatua. Mkandamizo ukizidi, chombo hutoa ishara. Swali linalostahili kuulizwa hapa Igoma, kando ya barabara kuu iendayo Musoma, ni hili: chombo hicho kina kazi gani kwa mtu avaaye ndala?

Kwanza yafaa ieleweke jinsi mguu unavyofikia hali hiyo. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na iliyo mirefu kuliko yote ndiyo huanza kuathirika. Mishipa mirefu ni ile iendayo miguuni. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni, ikapanda polepole hadi kwenye kifundo na kuendelea. Mgonjwa huhisi kana kwamba anakanyaga pamba. Baadhi husikia kuchomachoma na kuungua nyakati za usiku, wengine hawasikii chochote, na hao wa pili ndio walio katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa hawana sababu ya kulalamika.

Mkoa wa Mwanza ulikwisha kuuona mguu usio na hisia kabla kisukari hakijaenea. Ukoma pia huharibu mishipa ya fahamu, na kule Bukumbi, wilayani Misungwi, yapo makazi ambayo kwa miaka mingi yamewatunza wazee na watu walioachiwa ulemavu na ugonjwa huo. Zamani watu wengi waliamini kwamba ukoma wenyewe ndio unaokula vidole. La hasha. Vidole vilipotea kwa sababu mwenye navyo alishika sufuria ya moto asijue, au alitembea juu ya msumari kutwa nzima. Kisukari leo chafuata njia ile ile, ila wanaokumbwa nacho ni wengi zaidi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania, 9 hivi walikuwa na kisukari.

Matokeo yake yanajulikana katika hospitali ya Bugando. Mwaka 2011 madaktari wa huko walichapisha utafiti juu ya wagonjwa 136 wa kisukari waliotibiwa hapo kwa vidonda vya miguu katika kipindi cha miaka 2. Upasuaji uliofanywa mara nyingi zaidi kuliko mwingine wowote ulikuwa ni kukata kiungo. Wengi walifika vidonda vikiwa vimekwisha kuharibika sana. Wale wanaodhani kwamba watu hao walikuwa wazembe hawajaelewa ugonjwa huu. Mtu huenda hospitali kwa sababu anaumwa. Asiyeumwa hubaki kazini kwake.

Sasa tuje kwenye mkandamizo, maana hapo ndipo ilipo siri ya kidonda. Wanafunzi wa fizikia hufundishwa neno kanieneo, yaani kani juu ya eneo, na waliolibuni wameeleza jambo zima katika neno moja. Uzito ule ule ukienezwa juu ya eneo kubwa hauna madhara. Ukikusanywa mahali padogo hutoboa. Kila mkulima wa Usukumani aliyepitisha mkokoteni katika udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika analijua hilo: gurudumu jembamba huzama, lile pana hupita. Mguu wa binadamu nao hauukanyagi ulimwengu kwa unyayo mzima. Uzito huangukia kisigino, kisha husogea mbele mpaka kwenye vifundo vya mifupa iliyo nyuma ya vidole, na hapo, kabla mguu haujaondoka ardhini, mwili wote husukumwa na eneo lisilozidi sana upana wa sarafu chache. Mtu apandapo mlima sehemu hiyo ya mbele huelemewa zaidi, na mji wa Mwanza, wenye nyumba zilizojengwa juu ya miamba, hauna uhaba wa vilima.

Mahali pakandamizwapo kila siku ngozi hujikinga kwa kuota sugu. Sugu ni ulinzi mwanzoni. Ikizidi unene hugeuka kuwa kama kokoto iliyosahauliwa ndani ya kiatu, ikaikandamiza nyama iliyo chini yake mpaka damu ikavilia humo ndani. Juu ngozi yaonekana kavu na ngumu. Chini yake shimo limekwisha kuchimbika. Siku sugu inapopasuka, mgonjwa hudhani kidonda kimeanza siku hiyo.

Mtu mwenye hisia hapatwi na mambo haya, wala si kwa sababu miguu yake ni migumu. Akitembea mwendo mrefu na sehemu moja ikaanza kuchoka, hubadili mwendo bila kujijua: huegemea upande, hufupisha hatua, huchechemea. Kuchechemea ni dawa ambayo mwili hujitengenezea. Asiye na hisia hukanyaga pale pale, kwa namna ile ile, tangu asubuhi hadi jioni, hata ingawa nyama imekwisha kupondeka.

Aliyelichunguza jambo hili kwa kina alikuwa daktari mpasuaji Paul Brand, aliyezaliwa India mwaka 1914 na kuanza kazi katika hospitali ya Vellore, kusini mwa nchi hiyo, mwaka 1946. Aliwatibu watu wenye ukoma, na akafikia uamuzi kwamba maumivu ambayo kila mtu huyakimbia ndiyo yanayolinda viungo. Mwaka 1966 alihamia Carville, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, ambako kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa ukoma. Huko yeye na wenzake walitengeneza soksi zilizojazwa vidonge vidogo mno vya rangi. Mgonjwa alitembea nazo, vidonge vikapasuka pale palipokandamizwa sana, na soksi ikabadilika rangi mahali hapo. Soksi ile yaweza kuhesabiwa miongoni mwa mababu wa vihisi vinavyozungumzwa leo.

Kisha walijaribu jambo kubwa zaidi. Walitaka kumtengenezea mgonjwa maumivu ya bandia. Walifunga vipimo vya umeme katika glavu na katika soksi, na mkandamizo ulipozidi mgonjwa alipewa ishara. Kwanza ilikuwa sauti, wagonjwa wakaipuuza. Ikafuata taa, nayo ikapuuzwa. Mwishowe wataalamu waliona ni lazima ishara ichome, wakaunganisha waya mpaka kwapani, ambako hisia zilikuwa bado zipo, ili mgonjwa apigwe na umeme kila alipojikandamiza kupita kiasi. Hata hivyo mgonjwa aliyekuwa na haraka ya kumaliza kazi alizima mtambo, akamaliza kazi yake, kisha akauwasha tena. Maumivu ya kweli hayana swichi. Mradi huo uliachwa.

Habari hiyo haipasi kusahauliwa na yeyote atakayeuziwa chombo cha kulinda miguu, hata kikiwa kizuri namna gani.

Vyombo vya leo vimeendelea mno kupita vile vya Carville. Viko vya namna mbili ambavyo ni vya kawaida. Katika namna ya kwanza, wino unaopitisha umeme huchapwa juu ya utando wa plastiki. Utando ukibanwa, umeme hupita kwa urahisi zaidi, na tofauti hiyo hugeuzwa kuwa kipimo. Katika namna ya pili, tabaka mbili zinazopitisha umeme hutenganishwa na kitu laini katikati. Zikikaribiana kwa kukandamizwa, uwezo wake wa kuhifadhi umeme huongezeka. Betri ndogo hutia nguvu, na habari hutumwa bila waya mpaka kwenye simu au saa ya mkononi. Faida ya utando kukunjika ni kwamba hufuata umbo la unyayo bila kuwa wenyewe chanzo cha kidonda. Chombo kigumu ndani ya kiatu cha mtu asiye na hisia kingekuwa adui mwingine.

Je, vinasaidia? Mwaka 2019 watafiti wa Manchester, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wagonjwa wa kisukari waliokwisha kuwahi kupata vidonda vya miguu. Wote walivaa soli zenye vihisi kwa kipindi cha miezi 18, lakini ni kundi moja tu lililopokea maonyo kupitia saa ya mkononi kwamba sehemu fulani ya unyayo imekandamizwa kwa muda mrefu, na kwamba yafaa mtu apumzike, atembee kidogo au akague kiatu. Katika kundi lililoonywa vidonda vipya vilipungua kwa asilimia 71 kikilinganishwa na kile cha wasioonywa. Lilikuwa jaribio dogo, na waliolifanya wenyewe hawakulitangaza kuwa neno la mwisho. Ila lilionyesha jambo ambalo Carville hawakulipata: maonyo yakitolewa kwa upole na kwa kueleza la kufanya, wapo watakaoyafuata, na waliovaa chombo kwa saa nyingi zaidi kila siku walinufaika zaidi.

Hapo ndipo penye ugumu kwa Igoma. Soli yenye vihisi imetengenezwa kwa ajili ya kiatu kilichofungwa, chenye kamba na nafasi ya kutosha ndani. Ndala haina mahali pa kuiweka. Katambuga vivyo hivyo. Mama auzaye nyanya sokoni, mvuvi anayevuta nyavu huku maji yamemfika magotini, kijana apandaye milima na mzigo wa mkaa, wote hao wangepaswa kwanza kununua kiatu kingine ndipo wanunue mlinzi wake. Tena vihisi vyenyewe havipendi jasho, wala maji, wala joto linalopanda na kushuka. Vikikunjwa maelfu ya mara kipimo chake huanza kupotoka, na hapana budi visahihishwe au vibadilishwe. Kwa mtu ambaye kununua dawa za mwezi tayari ni shida, kumwambia anunue soli inayozungumza na simu ni kumdhihaki.

Wapo basi watakaosema kwamba mambo haya ni ya matajiri, yaachwe huko huko yaliko. Nao wanakosea. Kipimo cha shinikizo la damu kilikuwa kigeni vile vile, na leo muuguzi wa zahanati hukitumia bila kukistaajabia. Mizani ya kupimia watoto haikuhitaji kununuliwa na kila mama. Ilitosha iwe moja kliniki, na watoto wote wa kata wakapimwa kwayo. Njia hiyo hiyo yafaa kwa vihisi vya miguu. Chombo kimoja, kikiwa mikononi mwa mtu aliyefunzwa, chaweza kupima mamia ya miguu kwa mwaka, nacho kikakaa mahali pakavu muda wote kisipotumika.

Na zaidi ya miguu, chaweza kupima viatu. Wataalamu wa kimataifa wanaoshughulikia mguu wa kisukari hupendekeza kwamba kwa mtu ambaye kidonda chake kimepona, kiatu kipunguze mkandamizo wa juu kabisa mpaka uwe chini ya kilopaskali 200, yaani takriban uzito wa kilo 2 juu ya kila sentimita ya mraba, au angalau kiupunguze kwa asilimia 30. Kiwango hicho hakiwezi kukisiwa kwa macho. Fundi hodari aweza kushona ndara nzuri ya kupendeza ambayo kwa mgonjwa ni mtego, na mwingine akashona kitu kisicho na sura kikaokoa mguu.

Katika masoko ya Mwanza wapo mafundi wanaokata matairi na kuyafanya katambuga. Matairi ni soli isiyotobolewa upesi na mwiba wala chupa iliyovunjika, na haikunjiki ovyo pale kwenye vifundo vya vidole. Hizo ni sifa kubwa. Kasoro zake ni ugumu wa sehemu ya juu inayogusa unyayo, na misumari inayoshikilia kamba, ambayo siku moja huchomoza na kuchimba mguu usiosikia. Katika kazi ya ukoma, huko India na kwingineko, ndara zilitengenezwa kwa tairi chini na mpira laini wenye vitundu vidogo juu, na kamba zikafungwa bila misumari. Elimu hiyo ipo, ni rahisi, na haihitaji kiwanda. Kinachokosekana ni kipimo cha kumwambia fundi kwamba hapa uongeze unene, pale ukate mwanya, huku kamba yako inabana. Laiti vihisi vingeletwa kwa kazi hiyo, fundi na muuguzi wakakaa benchi moja, faida yake ingewafikia hata wagonjwa ambao hawatakiona chombo chenyewe.

Kwa kupitia jambo jingine, Tanzania ina kumbukumbu ya mkandamizo wa unyayo iliyo kongwe kuliko zote zinazojulikana za namna yake. Kule Laetoli, karibu na bonde la Olduvai, nyayo zilizogunduliwa na kundi la Mary Leakey mwaka 1978 zilikuwa zimekaa katika majivu ya volkano kwa muda wa miaka milioni 3.6 hivi. Wataalamu wamepima kina cha kila sehemu ya nyayo zile, kisigino na vidole, wakajadili jinsi viumbe wale walivyotembea. Majivu mabichi yalifanya kazi ya kihisi.

Lakini kabla ya kihisi hakijafika, na yumkini kitachelewa, ipo kazi ambayo haingoji. Mwaka 2011 huko Ipswich, Uingereza, ilielezwa njia ya kupima hisia za miguu kwa kidole cha mkono tu. Mgonjwa hufumba macho. Mwenzake humgusa kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza, kwenye ncha ya kidole gumba cha mguu, cha katikati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, naye aseme kila anapohisi. Miguso ni sita. Asipohisi miwili au zaidi, mguu huo una hatari na apelekwe kwa mtaalamu. Kipimo hiki hakina bei. Mjukuu aweza kumpima babu yake barazani jioni. Katika kliniki hutumiwa pia uzi mgumu wa nailoni uliotengenezwa upinde kwa uzito wa gramu 10, nao ni wa bei ndogo na hauhitaji umeme.

Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba elimu ya namna hiyo yaweza kufika mbali. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima vijijini kuzunguka redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaanzishwa mradi wa mguu wa kisukari ambao Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Katika mradi huo daktari na muuguzi kutoka kituo kimoja walifunzwa pamoja, wakarudi kwao na vifaa vya kutibia, kisha wakaitwa tena baada ya muda kwa mafunzo ya juu zaidi. Busara yake ilikuwa katika kuwafunza wawili kwa pamoja, maana daktari akifunzwa peke yake hukuta kliniki haina mtu wa kushirikiana naye, na muuguzi akifunzwa peke yake hukosa wa kuidhinisha kazi yake.

Mtu ambaye miguu yake imekwisha kupimwa na kuonekana haina hisia yampasa aichunguze kila siku, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mtu wa nyumbani. Kiatu kikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono kabla hakijavaliwa. Maji ya kuogea yajaribiwe kwa kiwiko, na miguu isisogezwe jikoni kuota moto. Sugu isikatwe kwa wembe nyumbani. Watu wengi wamepoteza vidole kwa wembe uliokusudiwa kuwasaidia.

Kuhusu vihisi, hospitali itakayoamua kuvinunua yafaa ijiulize mapema ni nani atakayevitumia siku mnunuzi atakapohamishwa. Makabati ya hospitali nyingi yana vyombo vya thamani vilivyokosa betri moja au mtu mmoja. Pasipo na muuguzi aliyefunzwa, fundi wa viatu anayejulikana kwa jina na siku ya kliniki iliyopangwa, fedha hiyo ingefaa zaidi kununua nyuzi za nailoni, plasta ya hospitali na mpira laini.

Na hata pakiwa na hayo yote, lipo neno moja ambalo wahudumu wa kliniki wanapaswa kuliogopa kuliko kilio cha mgonjwa. Mtu wa kisukari akifika na kusema kwamba ana kidonda mguuni lakini hakiumi, na avuliwe kiatu hapo hapo alipo, kabla hajaulizwa swali la pili wala kuelekezwa kwenye foleni.